Muhula Mmoja wa Kijapani Toronto

Tangu nirudi Arusha kabla ya Krismasi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: mwalimu, mbona mapema? Wengine wanauliza kwa upendo. Wengine walishasema tangu mwanzo kwamba nitarudi, na sasa wanataka kufurahi kwa adabu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome nyote, halafu tuongee mambo mengine.

Ya viza na tiketi siyasemi, kila mtu anajua karatasi zinavyotesa. Niseme tu kilichonipeleka. Mnakumbuka chuo chetu kilipofuta somo la Kijapani, nikiwa nimelifundisha miaka kumi na moja, kwa maelezo kwamba wanafunzi ni wachache mno. Nikabaki na shahada niliyoisotea miaka minne huko Japani na kabati la vitabu visivyo na msomaji. Ndipo chuo kikuu kimoja cha Toronto kikanichukua kwa muhula mmoja, niwafundishe Kijapani wanafunzi wanaojiandaa kwenda Japani kwa mpango wa kubadilishana. Nikifanya vizuri, mkataba wa miaka mitatu. Nisipofanya vizuri, hakuna mahali pengine pa kwenda, maana barua kama hiyo haiji mara mbili kwa mtu wa umri wangu. Nilipopanda ndege nilijua kwamba nikikosa mkataba huo, Kijapani changu kimeishia hapo.

Kilimanjaro hadi Addis Ababa

Ndege ya kwanza iliondoka kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi. Safari ikianza vizuri mno mimi huwa siiamini. Kweli, Addis tukakuta mvua ambayo sijapata kuiona, na ndege za mbali zote zikasubiri. Tukasubiri nazo saa kumi na nne, kwenye viti vya chuma vinavyopitisha baridi.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Kihabeshi aliyejifunga shuka nyeupe, anakwenda Toronto kumwona mjukuu wake wa kwanza. Jina lake Almaz. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, changu cha kutosha, tukaelewana. Alifungua kitambaa akatoa mkate mnene wa ngano alioupika mwenyewe, akanikatia kipande bila kuniuliza kama nina njaa. Nikala. Nikampa korosho zangu, naye akala.

Akaniuliza kazi yangu. Nikasema nafundisha Kijapani. Akaniangalia mikono, akanishika kiganja, akakibonyeza, kisha akaniuliza kwa wasiwasi kama nimewahi kuua mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yeye alidhani nafundisha karate. Nilipomweleza kwamba ni lugha tu, kusoma na kuandika, nadhani alisikitika kidogo. Hata hivyo tulipopanda ndege alfajiri aliwaambia wenzake wawili wanipishe, kwa kuwa ni mwalimu. Huyo ndiye mtu pekee katika safari nzima aliyesikia kazi yangu akaiheshimu bila kutaka ushahidi.

Addis hadi Crescent Town

Toronto nilifika, sanduku langu halikufika. Ndani yake kulikuwa na vitabu vyote vya kufundishia. Nikaambiwa litakuja kesho, na kesho nikaambiwa kesho. Lilikuja siku ya nne, limefungwa kamba ambayo si yangu.

Binamu yangu Anna, niliyefikia kwake, hakuja kunipokea kwa sababu alikuwa zamu. Anatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, na huko hakuna cha mgeni wala cha ndugu. Alinitumia maelekezo marefu ya treni na basi, nikayafuata kama dawa, nikatokea Crescent Town mchana, kwenye maghorofa yaliyopangana, kila kibaraza kimeanikwa nguo. Kwake ni ghorofa ya kumi na nane. Kwenye lifti nilisikia Kibengali, Kisomali na lugha nyingine mbili nisizozijua, nikajisikia niko nyumbani zaidi ya nilivyotegemea.

Anna alipika ugali wa unga wa njano, ndio unaopatikana karibu, pamoja na mchicha wa kwenye friza. Binti yake Neema ana miaka kumi na tatu. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na kila mmoja anaona amemheshimu mwenzake. Siku ya pili aliniuliza kwa nini mtu wa Tanzania afundishe Kijapani Kanada. Nikamjibu kwamba mwalimu wake wa Kifaransa anatoka Lebanoni na hajawahi kumwuliza. Mama yake akacheka, mtoto hakucheka.

Victoria Park hadi darasani

Siku ya kwanza ya kufundisha, sanduku likiwa bado halijafika, niliondoka saa mbili kabla. Mtu aliyesoma Japani anaogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa mbwa. Nikapanda treni pale Victoria Park, ikaenda vituo vitatu, ikasimama gizani chini ya ardhi. Sauti ikasema kuna tatizo. Ikakaa. Abiria wote wakatazama simu zao, hakuna aliyelalamika wala aliyemgeukia mwenzake kumwuliza. Kwetu dakika kumi kama hizo watu wangeshajuana mpaka ukoo. Tulitolewa baada ya karibu saa nzima, tukapangwa foleni ya mabasi, na mimi nikaingia darasani nimechelewa dakika tano, natoka jasho, bila kitabu hata kimoja.

Walikuwa wanafunzi tisa. Kijana wa mstari wa nyuma aliponiona akaondoa begi lake kwenye kiti cha jirani ili nikae. Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililoniuma. Nikapita mbele, nikaandika jina langu ubaoni kwa Kijapani. Msichana mmoja, Brianna, akanyoosha mkono akauliza kwa upole kama mwalimu yuko njiani.

Nikamjibu kwa Kijapani, taratibu, kwa dakika mbili nzima. Nikaeleza mimi ni nani, nimesoma wapi, tutafanya nini mpaka Desemba, na kwamba anayechelewa atasimama, kuanzia na mimi. Nikasimama. Hawakuelewa nusu yake, ila walifungua madaftari.

Mnanijua ninavyofundisha. Jaribio kila siku, daftari nalikusanya, asiyejua leo kesho namwanza yeye. Wiki mbili za mwanzo walinichukia. Wiki ya tano walikuwa wanaagiza chakula, wanauliza njia, wanajieleza kwa daktari wa kubuni. Brianna, aliyekuwa anakwenda Sendai, ndiye alikuwa wa kwanza kuota kwa Kijapani, akaja kunisimulia ndoto yenyewe kwa makosa mengi na furaha kubwa.

Kuna somo moja lilinipa shida, nalo lazima nilieleze. Niliwafundisha namna ya kupokea sifa. Japani mtu mzima akikuambia unazungumza vizuri, humezi sifa hiyo palepale. Unainama, unasema bado, bado sana, naendelea kujifunza. Anayejibu asante, najua, anaonekana hakulelewa. Darasa likagoma. Kijana wa begi akasema huo ni uongo. Brianna akauliza, kama unajua kwa nini useme hujui? Nikawaambia si uongo, ni heshima, na aliyekusifu anajua kwamba unajua, ndiyo maana amekusifu. Nikawaambia hata kwetu mgeni akisifu pilau, mpishi husema leo chumvi imezidi kidogo, na hakuna mgeni aliyewahi kuweka sahani chini. Wakafanya mazoezi wawili wawili mpaka wakazoea.

Mwezi wa pili mmoja wao, sijajua nani na sitaki kujua, aliiandikia ofisi kwamba angependa mwalimu ambaye Kijapani ni lugha yake ya kuzaliwa. Mkuu wa mpango, Profesa Helen, akaniita. Ni mama mpole, ananipa chai kila nikienda, na hajui Kijapani hata cha kuombea maji. Akasema yeye binafsi hana shaka nami, ila atamwalika mkaguzi, Bi Hayashi, mwalimu mstaafu wa Kijapani anayeishi North York, aje aone somo moja. Mkataba wa miaka mitatu ungetegemea siku hiyo. Nikafurahi. Nilisema moyoni, hatimaye anakuja mtu anayejua.

Vaughan, Jumamosi

Jumamosi kabla ya ukaguzi Bwana Murtaza alikuja kunichukua na gari. Wakongwe mnamkumbuka, alikuwa na duka la vitenge karibu na mnara wa saa, ndiye aliyekuwa akikata kitambaa na kukuongezea nusu mita huku analalamika unamfilisi. Sasa anauza vigae Vaughan, mji ulio jirani na Toronto. Alinipeleka kwenye kituo cha jumuiya yao ya Wahindi Waislamu, Barabara ya Bathurst, ambako baada ya swala watu walikaa kula. Nilikuta wazee wa Moshi, wa Tanga, wa Mombasa, wanazungumza Kiswahili kilekile cha dukani, na wajukuu wao wakipita katikati na Kiingereza. Mkewe alinijazia pilau na kachumbari, akanilaumu nimekonda, nikaona karibu nilie. Tangu nifike sikuwa nimelaumiwa na mtu anayenipenda.

Nikamweleza Bwana Murtaza habari ya ukaguzi. Aliacha kula.

"Mwalimu, nisikilize," akasema. "Huku ukiulizwa kama kazi unaijua, sema naijua kuliko wote. Mimi nilipofika nilisema najua vigae. Mungu anisamehe, nilikuwa najua vitenge."

Nikamwambia hayo ni ya biashara. Elimu ina watu wake na adabu zake, na anayekuja kunikagua ni Mjapani. Nilimjibu kwa kiburi, nakiri. Nilimwona kama mfanyabiashara anayedhani kila kitu kinauzwa kwa kelele. Yeye hakubishana, akaniongezea pilau.

Siku ya ukaguzi

Siku hiyo treni haikusimama na mimi nilifika nusu saa kabla. Baridi ilikuwa imeshaanza. Bi Hayashi alikuja na koti la kijivu, mdogo, mnyoofu, umri wa mama yangu kama angekuwa hai. Tuliinamiana mlangoni mpaka Profesa Helen akaanza kututazama kwa zamu kama mtu asiyejua mchezo utaisha lini.

Somo lilikwenda vizuri kuliko lolote nililowahi kufundisha, na nasema hivyo sasa bila aibu. Bi Hayashi aliwauliza wanafunzi maswali yake mwenyewe, ya ghafla, na walijibu. Kijana wa begi alimwelekeza njia ya kutoka North York hadi chuoni, akakosea kituo, akajisahihisha kwa Kijapani bila kurukia Kiingereza. Nilisimama pembeni kama mama kwenye mahafali.

Kipindi kilipoisha, wanafunzi wakiwa bado wamekaa, Bi Hayashi alinigeukia akasema kwa Kijapani kwamba Kijapani changu ni kizuri sana, na kwamba hajasikia lugha ya heshima ikitumiwa hivyo siku nyingi. Nikainama. Nikasema bado, bado sana, naendelea kujifunza. Akatabasamu, akainama naye. Kwetu sisi wawili mambo yalikuwa yamekwisha.

Profesa Helen akauliza tumesema nini. Nikamwambia Bi Hayashi amekisifu Kijapani changu.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia bado sijafika. Naendelea kujifunza."

"Kweli?" akauliza, na alionekana kushtuka kidogo.

Hapa ndipo ndugu zangu wote mnaponifokea, na mna haki. Ningeweza kucheka nikasema ni desturi tu, mimi Kijapani nakijua. Lakini fikirini mahali nilipokuwa. Mzee amesimama mbele yangu, ametoka kunisifu, wanafunzi niliowafundisha adabu hiyo wananitazama. Nigeuke palepale, mbele ya macho yake, niseme nilikuwa natania? Tangu utoto nimefundishwa kwamba anayejisifu mbele ya wakubwa amejivua nguo. Miaka minne ya Japani ilikazia palepale. Nikafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kilekile, safari hii kwa Kiingereza. Nikasema kweli, bado kuna mengi nisiyoyajua.

Profesa Helen akaandika. Niliiona kalamu yake ikienda, nikadhani anaandika sifa.

Ofisini

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Profesa Helen alinipa chai, akaniambia imekuwa kazi ngumu kuamua. Akanisomea ripoti aliyoiandika mwenyewe. Ilisema ninaongoza darasa kwa ustadi mkubwa, wanafunzi wameendelea sana, ila mwalimu mwenyewe amekiri kwamba Kijapani chake hakijakamilika, na kwa kuzingatia mashaka yaliyotolewa awali, mpango unahitaji mtu mwenye uhakika na lugha. Nafasi imepewa kijana anayeitwa Daichi, Mjapani, anayesomea kemia katika chuo hichohicho. Hajafundisha, lakini atasaidiwa.

Nikamweleza. Nilieleza desturi yote, ya Japani na ya kwetu, na habari ya pilau na chumvi. Alisikiliza kwa makini, akasema ni jambo la kuvutia sana, na kwamba anatamani angelijua mapema. Kisha akasema uamuzi umeshapelekwa juu.

"Huyo Daichi mlimwuliza kama anakijua Kijapani?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Hapana," akasema. "Hakukuwa na haja ya kumwuliza."

Chai sikuimaliza. Nilitoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikampigia simu Bi Hayashi. Akaniambia aliandika ukurasa mzima wa kunisifu, wala hajui ulikwenda wapi. Pale darasani aliona Profesa Helen hakuelewa, lakini yeye alikuwa mgeni, na mgeni hafafanui maneno ya mwenyeji wake. Akaniomba radhi mara tatu. Nilitaka kumkasirikia, ikanishinda, maana mimi katika nafasi yake ningenyamaza vilevile. Ndivyo tulivyo sisi watu wa adabu. Tunaheshimiana mpaka mmoja wetu anazama.

Brianna alikuwa amesikia, sijui kwa nani. Alinifuata kwenye ngazi, macho mekundu. "Lakini sisi wote tulielewa ulichosema," akaniambia kwa Kijapani. Sentensi nzima, haina kosa hata moja. Nikamwambia vizuri, nikaenda zangu.

Toronto hadi Arusha

Anna alikasirika kuliko mimi.

"Dada, ungesema nakijua. Neno moja tu, basi."

Akataka nikate rufaa, au nibaki naye, angeniombea kazi kwenye nyumba ile ya wazee, akasema mkono wangu ni mpole. Hana ubaya, kazi ile imemlea mwanawe. Ila mimi sikuwa nimevuka nchi zote zile kwenda kubadili mashuka, na kama hilo ni kiburi basi nilikuwa nimekificha siku zote pale kilipohitajika, acha nikitumie mara moja. Neema alinisindikiza mpaka uwanjani, akabeba sanduku la vitabu, akaniambia safari njema. Kwa Kiswahili, na lafudhi ya Arusha kabisa.

Safari ya kurudi haikuchelewa popote, hata dakika. Nilitamani ichelewe.

Aprili hii Brianna ameniandikia kutoka Sendai. Wamempima, wamemweka darasa la juu. Mwalimu wa huko akamsifu mbele ya wenzake, naye akainama, akasema bado, bado sana, na mwalimu akafurahi akauliza ni nani aliyemlea vizuri hivyo. Nilimjibu kwa mistari miwili ya pongezi. Nilikuwa nimeandika kumi na miwili, nikafuta kumi, kwa sababu ile kumi ilikuwa na uchungu na yeye hana kosa.

Wiki iliyopita nilikwenda kuomba kazi ofisi ya utalii ya Mama Rehema, yule tuliyekuwa naye kwaya. Alinikalisha, akachukua fomu, akanijazia mwenyewe huku tunaongea. Jina, simu, umri, akapunguza miaka miwili bila kuniuliza. Akafika kwenye lugha ninazozijua vizuri. Akaandika Kiswahili, akaandika Kiingereza, kalamu ikasimama, akanitazama, akauliza kama aandike na Kijapani.

Nikamwambia aandike Kichaga, hicho nilizaliwa nacho.